Handaki la Shela

Langoni, Lamu
Ijumaa usiku

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima. Mama akusalimu, na asema wali wako wa nazi bado haujaliwa. Barua yako nimeipata. Wataka kuunga duka na ghala kwa redio za waifai viwe mtandao mmoja, nawe umesikia nimefanya hivyo kati ya hapa na Shela. Ni kweli nimefanya. Soma kwanza, kisha ndiyo utoe pesa.

Kuziwasha redio si kazi. Kutoka darini kwetu hadi ile nyumba ya wageni ni kama kilomita 3, mlingoti nimeufunga kwenye boriti, antena zaonana juu ya maji. Shida ilianza nilipotaka kamera za Shela zirekodiwe hapa Langoni. Rekoda yenyewe ni ya zamani. Kazi yake ni kupiga ukelele, "Kamera mko wapi?", na ukelele huo hauvuki ruta, kile kifaa kinachopitisha data kati ya mtandao na mtandao. Nikasema basi, redio na iwe kama waya mrefu. Wapi! Fremu ya kawaida ya waifai, yaani bahasha ya data, baina ya redio na mteja wake (redio ya ng'ambo), ina nafasi ya anwani tatu tu za vifaa. Redio ya huku yamtambua mteja wake, walio nyuma ya mteja haiwajui. Iko namna ya anwani nne, yaitwa WDS, lakini redio zangu ni za kampuni mbili na kila moja ina WDS yake. Hazikuelewana.

Ndipo nikachimba handaki. Pande zote mbili nina ruta ndogo za MikroTik, zile za kampuni ya Latvia, nazo zina kitu kiitwacho EoIP. Fremu nzima ya mtandao wa ndani hufungwa ndani ya pakiti ya IP, bahasha iwezayo kuvuka ruta, husafirishwa, kisha hufunguliwa upande wa pili. Redio haioni kamera hata moja, yaona ruta mbili zinazoandikiana. Unaweka anwani ya ruta ya pili, namba ya handaki iwe ile ile huku na huku, halafu handaki na mlango wa ndani unavitia kwenye daraja moja, yaani ruta yavihesabu kama waya mmoja. Dakika 10, umemaliza.

Mlango wa kwenda kwenye redio usiutie kwenye daraja hilo. Mimi niliutia. Handaki likapita ndani ya daraja ambalo lenyewe limo ndani yake, kelele zikazunguka bila kwisha, na taa za swichi zikawaka zote pamoja kama harusi. Ilinibidi nipande boti usiku kwenda kuchomoa waya.

Nilipolitengeneza hilo, nikipingi, yaani nikituma ujumbe mdogo wa kuuliza "Upo?", upande wa pili wanijibu, lakini picha za kamera zakwama. Hili lilinila siku mbili. Handaki laongeza baiti 42 juu ya kila pakiti, kwa hiyo palipokuwa na nafasi ya baiti 1500 hubaki 1458. Vidogo vyapita, vikubwa vyafia njiani kimyakimya. Nimeliandikia handaki 1500 kwa mkono, nayo ruta huikata pakiti kubwa vipande viwili. Kasi imepungua kidogo. Kamera zapita.

Halafu wageni wa Shela wakaanza kunung'unika kwamba intaneti yao imekuwa ya kobe. Kumbe mgawaji anwani wa Langoni aliwahi kuwajibu kabla ya wa kwao, kwa hiyo kila video waliyofungua ilikuja kwanza huku Langoni ndipo irudi Shela. Nimefunga milango ya 67 na 68 ya UDP, ile ya kuomba na kugawa anwani, isivuke handaki, na kila upande sasa wagawa wake. Na wewe ujue, EoIP peke yake haifichi kitu. Atakayenasa redio aweza kusoma. Mimi nimeweka siri ya IPsec juu yake, iyageuzayo yote kuwa fumbo, ingawa ruta ndogo yahema.

Lililonishangaza ni bahari. Bamvua likija, nguvu ya redio ilipanda na kushuka kufuata maji kujaa na kupwa, kwa sababu mwangwi wa redio hudunda juu ya maji na kugongana na ule unaokuja moja kwa moja. Nimeirudisha antena nyuma, ukingo wa dari ukauziba ule wa majini. Ghala lako halina bahari katikati, shukuru.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili: usiviunge viwe mtandao mmoja. Kwako hakuna rekoda kongwe kama yangu. Printa na programu ya mauzo huitwa kwa anwani zao, ruta za kawaida zitakutosha, na zogo la ghala litabaki ghalani. Hata mimi handaki nimewaachia kamera peke yao, mengine yote yapita njia ya kawaida.

Ukija mwisho wa mwezi, niletee vichwa vya waya wa mtandao, vya nje, vile vya chuma, pakiti mbili. Huku chumvi imevila vyote. Ukifika Mokowe nipigie, nitakungoja gatini.

Ndimi sahibu yako wa Langoni