Tai wa Abramu

Mpendwa rafiki yangu,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa nimeketi, na mara ya tatu nikiwa nimepiga magoti. Unasema kila ukianza kuomba mawazo yanatawanyika, mara simu, mara deni, mara neno uliloambiwa kazini, hata umeanza kujiuliza kama bado unamwamini Mungu. Tena unasema wapo wanaokuhimiza utoe jibu la haraka.

Nikakumbuka Mwanzo sura ya 15. Abramu alimuuliza Bwana atajuaje kwamba atairithi ile nchi ya Kanaani aliyoahidiwa. Bwana hakumkemea kwa kuuliza. Alimwagiza alete ndama, mbuzi jike na kondoo dume, kila mmoja wa miaka 3, pamoja na hua na kinda la njiwa. Akaleta, akawapasua wale wanyama, akapanga vipande vielekeane. Kisha kimya. Waliotangulia kufika ni tai! Naye mzee wa watu akawa anawafukuza, mpaka jua likaanza kuchwa.

Mstari huo nimeupita miaka mingi bila kuuona. Tai walifuata nyama. Abramu asingekuwa ametii, wala wasingetua pale. Basi kutangatanga kwa mawazo yako usikuhesabu kuwa umeishiwa imani. Fukuza tu. Mimi wazo likinijia nalitaja mbele za Bwana kwa jina lake, kama ni deni nasema ni deni, halafu narudi pale nilipoachia. Kuna asubuhi narudi mara ishirini.

Ninachokuhofia zaidi ni sura ya 16. Mtu huyuhuyu, baada ya kukaa Kanaani miaka 10, alipewa shauri na mkewe, shauri lililoonekana la busara kabisa, akamtwaa Hajiri, mjakazi wa mkewe, ili apate mtoto kwake. Ishmaeli alizaliwa Abramu akiwa na miaka 86, na Isaka, mwana aliyeahidiwa na Mungu, alizaliwa baba yake alipotimiza 100. Abramu aliwatambua tai upesi, lakini sauti ya mtu anayempenda ilimpitia. Nami niliwahi kuifuata sauti ya namna hiyo, nikakubali jambo kwa sababu tu nilikuwa nimechoka kungoja, na wewe ndiye uliyenifuta machozi. Kwa hiyo hao wanaokuhimiza utoe jibu wiki hii, najua wanakutakia mema, lakini waombe muda. Tafadhali, waombe muda.

Halafu soma tena mwisho wa ile sura ya 15, taratibu. Abramu ameshikwa na usingizi mzito, giza limeingia, na kinachopita kati ya vile vipande ni tanuru ya moshi na mwenge unaowaka. Zamani waliofanya agano walipita kati ya vipande vya namna hiyo, lakini Abramu hakupita. Bwana alijifunga kwa agano peke yake, mtumishi wake amelala. Hapo ndipo moyo wangu unapopumzika, hata siku ambazo sijaomba vizuri.

Kuanzia kesho saa 11 alfajiri nitakuwa magotini kwa ajili yako, simu nimeiacha chumba kingine. Ukiweza kuamka, tuombe saa hiyohiyo, kila mtu mahali pake. Na ukipata jibu, au hata usipopata, niandikie.

Ndugu yako katika Kristo