Fred Risser alistahili kura zake

Ndugu Mhariri,

Ninaishi Madison, mji mkuu wa jimbo la Wisconsin, Marekani. Ndugu zangu nyumbani huniuliza mtu anawezaje kukaa bungeni miaka 64 bila kuwachosha watu. Nawajibu kwa jina la Fred Risser.

Alizaliwa 1927, akachaguliwa Bunge la jimbo 1956, kisha Seneti ya jimbo hilohilo mwaka 1962 kwa uchaguzi mdogo. Aliondoka Januari 2021 kwa hiari yake. Baba, babu na baba wa babu yake walikuwa wabunge pia, kila mmoja kwa chama tofauti. Yeye alikuwa Democrat.

Ninalomkumbukia zaidi ni la Februari 2011. Gavana alitaka kuwapunguzia watumishi wa umma haki ya kujadiliana na mwajiri kupitia vyama vyao. Seneti ina viti 33, na muswada huo, kwa kuwa uligusa fedha, ulihitaji wajumbe 20 ukumbini. Warepublican walikuwa 19. Basi maseneta 14 wa Democrat wakavuka mpaka hadi jimbo jirani la Illinois, ili akidi isitimie. Risser, mwenye umri wa miaka 83, alikuwa mmoja wao. Wazee wa umri huo wengi wetu tunawakataza hata kupanda daladala peke yao!

Muswada ulipita hatimaye kwa njia nyingine. Lakini watu wa mji huu waliona mzee wao yuko upande gani, na wakaendelea kumchagua.

Msomaji wako,
Madison