Kabla ya kuihama QWERTY, pima kwa maneno ya Kiswahili

Mhariri,

Anayelalamikia uchovu wa vidole kwa kuchapa siku hizi hakosi kuambiwa aachane na QWERTY, mpangilio wa kawaida wa herufi kwenye kibodi, ahamie mpangilio mwingine, Dvorak au Colemak. Ushauri huo una msingi, ila hesabu zinazoutegemeza zimefanywa zaidi kwa Kiingereza. Sisi tunaofundisha kuchapa kwa Kiswahili tunaomba msomaji aijue kwanza hesabu ya lugha yake, maana kuvifundisha vidole upya ni kazi ya wiki nyingi.

QWERTY ilitokana na mashine za taipu za Christopher Latham Sholes, Marekani, miaka ya 1870. Safu ya katikati, vidole vinapopumzika, ina irabu moja tu: A. Nyingine nne zote ziko safu ya juu, na lugha yetu haimalizi silabi bila irabu ila mara chache. Lakini mzigo mzito zaidi uko kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kwa sababu Y, U, H, J, N na M zote ni zake. Chapa neno "nyumba" polepole huku ukikitazama. N kinashuka, Y kinaruka juu, U kinasogea pembeni, M kinashuka tena, na vidole vingine vyote vinasubiri. "Mjumbe", "muhimu" na "hujui" ni hivyohivyo. Kinachochosha zaidi ni kidole kimoja kupiga herufi mbili tofauti zinazofuatana, kwa kuwa hakuna kingine kinachoweza kujiandaa wakati huo.

Dvorak, iliyosajiliwa na August Dvorak na William Dealey mwaka 1936, imeziweka irabu zote tano safu ya katikati, mkono wa kushoto, na konsonanti nyingi mkono wa kulia. Kwa Kiswahili hili linavutia mno: "hatuna", "sisi", "tena", mikono inapokezana herufi kwa herufi. Tatizo ni K. Iko safu ya chini mahali pa V ya QWERTY, chini ya kidole cha shahada cha kushoto, na kidole hichohicho ndicho kinachopiga U na I. Maana yake ni kwamba kila "ku" na kila "ki" ni mruko wa kidole kimoja, na sentensi ya Kiswahili isiyo na hata moja kati ya hizo haipatikani kirahisi. "Pi", "pu" na "yu" zina kasoro hiyohiyo, na "mb" ya "jambo" na "kwamba" inaangukia kidole cha shahada cha kulia. Ritofaa (alama ') ya "ng'ombe" nayo inahamia pembe ya juu kushoto, mahali pa Q.

Colemak, aliyoitoa Shai Coleman mwaka 2006, inahamisha vitufe 17 tu. A, E, I na O ziko safu ya katikati. U iko juu kidogo, kwenye kidole cha kati. "Ku", "ki", "ni" na "li" zote zinapata vidole viwili tofauti, na "nyumba" haina tena hata jozi moja ya kidole kimoja. Nayo ina madhaifu yake. H, J, K, L, M na N zote ni za kidole cha shahada cha kulia, kwa hiyo "mkono", "mlango", "mji" na "njia" zinaanza kwa mruko. "Za" bado inakitesa kidole kidogo cha kushoto kama ilivyo kwenye QWERTY. Tukizipima zote, tunamshauri mchapaji wa Kiswahili achague Colemak: "ku" na "ki" zinajirudia kuliko "mk" na "nj", na faida hiyo inazidi raha ya mikono kupokezana. Isitoshe, Z, X, C na V zimebaki palepale, kwa hiyo kunakili na kubandika kwa mkono mmoja hakuharibiki. Kwenye Dvorak, C inaenda mahali pa I na V mahali pa nukta. Anayeitaka Dvorak hata hivyo, na anatumia macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, achague ile inayorudi QWERTY kila kitufe cha Command kinapobonyezwa.

Asitarajie kasi. Mwaka 1956 Earle Strong aliijaribu Dvorak kwa ajili ya idara ya serikali ya Marekani, General Services Administration, na hakuona faida ya kasi inayolipa gharama ya kuwafundisha wachapaji upya. Kinachotafutwa hapa ni vidole kusafiri kidogo.

Kuweka mpangilio wenyewe ni dakika chache. Kwenye Windows, fungua mipangilio, ingia sehemu ya lugha, kisha kwenye chaguo za lugha unayotumia uongeze kibodi ya "United States-Dvorak". Colemak haimo katika matoleo mengi ya Windows. Inapakuliwa na kusakinishwa. macOS inazo zote mbili, katika mipangilio ya kibodi. Kwenye Linux inayotumia X11 (mfumo wa kuonyesha madirisha), amri ni setxkbmap us -variant colemak, na ya kurudi ni setxkbmap us. Usiifute QWERTY. Kwenye Windows utabadilisha kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na nafasi, jambo la lazima kompyuta ikiwa ya watu wengi.

Nenosiri ndilo huwakwamisha wengi. Skrini ya kuingilia inaweza kuwa bado iko kwenye QWERTY, na kwa kuwa herufi hazionekani, mtu anakosea mara kadhaa mpaka akaunti inafungwa. Kabla ya kuzima kompyuta kwa mara ya kwanza baada ya kubadilisha, funga skrini tu, uangalie alama ya kibodi inaonyesha nini. Nenosiri la diski iliyofungwa kwa usimbaji mara nyingi huombwa kabla mpangilio wako haujapakiwa, basi ujue kuliandika kwa QWERTY.

Usibandue vifuniko vya vitufe kuvipanga upya. Kwenye kibodi nyingi kila safu ina mwinuko wake, ukivichanganya uso unakuwa na mabonde. Na vile vinundu vya F na J vinavyoongoza vidole vinahama. Tena, macho yakishazoea kutazama chini, vidole havitajifunza.

Kwa zoezi, nusu saa kwa siku inatosha, na usahihi utangulie. Tumia habari za Kiswahili, kwa sababu masomo ya Kiingereza yatakuzoesha "the" na "ing" huku "kwa" ikikushinda. Asiyeweza kusimamisha kazi apite njia ya Tarmak, inayomfikisha kwenye Colemak kwa hatua tano. Ya kwanza inagusa herufi nne tu: N inaenda mahali pa J, E mahali pa K, K mahali pa N, na J mahali pa E. Zikikaa vidoleni, ndipo uende ya pili.

Kwenye simu usibadilishe chochote. Mipangilio hii ilipangwa kwa vidole kumi, na gumba mbili hazipati faida yake. Na mwenye ganzi au maumivu yanayomwamsha usiku aende kwa daktari kwanza. Kiganja kilichopinda juu ya meza iliyoinuka kupita kiasi kitaendelea kuuma kwa mpangilio wowote.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wa teknolojia uchapishe michoro ya Dvorak na Colemak kwa ukubwa ambao msomaji anaweza kuikata na kuibandika kando ya skrini.

Wakufunzi wa uchapaji