Wavu Wako Mpya

Mafinga, juma la pili la Kwaresima

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo sote. Goti la bibi yako linamsumbua asubuhi za ukungu, lakini jua likipanda anatoka mwenyewe hadi bandani kwa mama yako kuhesabu mifuko ya uyoga anaoulima.

Nakuandikia habari ya Krismasi, maana kwenye simu kila nikitaka kuisema nageuza maneno. Ulikuwa umetuambia mapema kwamba nyama umeacha, na mayai pia. Nikasema sawa, nitakuchomea uyoga. Nikauchukua ule wa mama yako, nikauosha kwenye beseni, nikautia chumvi, limao na kitunguu saumu tangu asubuhi kama ninavyofanya mbavu za mbuzi, nikauacha ulale na viungo. Mchana nikaupanga kwenye wavu uleule wa kuchomea, pembeni ya nyama, mafuta ya mbuzi yakiwa bado yanang'aa kwenye nondo. Wewe ukala wali na mchicha. Uyoga ukaubeba kwenye sahani mpaka jikoni, ukauacha pale bila neno. Ulipotoka niliuonja. Ulikuwa kama kitambaa kilicholowa, kila nikiuma maji ya chumvi yanatoka, na juu yake harufu ya mbuzi.

Nimechoma nyama miaka 22. Madereva wa malori ya Tunduma wakishuka wananiulizia, na ada zenu zote zimepita kwenye wavu ule. Kwa hiyo uliposema nyama umeacha, nisikufiche, niliona kama umeniacha mimi. Usiku ule mama yako akaniuliza, "Amekataa chakula chako, au umempa chakula ambacho wewe mwenyewe hukijui?" Swali lile sikulala nalo vizuri.

Tangu Januari, kila Jumatatu ambayo sichomi nyama, nimekuwa najifunza uyoga. Sasa naujua. Nataka na wewe uujue, kwa sababu huko Dodoma unajipikia.

Kosa langu lilikuwa moja: niliutendea uyoga kama nyama laini. Uyoga ni maji. Katika kilo moja ya uyoga mbichi, kama gramu 900 ni maji. Nyama nayo ina maji, ila kazi ya mchomaji ni kuyazuia yasitoke. Kwenye uyoga kazi inageuka: yatoe kwanza. Maji yakichemka hayapiti nyuzi joto 100, na huku kwetu juu hata hizo hayafikishi, wakati chakula hakianzi kupata ile rangi ya kahawia na harufu ya kuchomwa mpaka kifike nyuzi 140 hivi. Maadamu uyoga una maji, unachemka tu, hata ukiuweka juu ya makaa mekundu. Na ile chumvi ya asubuhi iliyavuta maji yakatoka, uyoga ukalala ndani yake, nami nikaupeleka wavuni umelowa vilevile.

Jambo la pili ndilo lililonishangaza. Nyama ukiizidisha motoni inakuwa kamba. Mboga ukizizidisha zinakuwa uji. Uyoga unavumilia. Mdogo wako alinisomea kwenye daftari lake la baiolojia kwamba ukuta wa seli za uyoga umejengwa kwa kitini, kitu kilekile kilichomo kwenye gamba la panzi na la kaa, na moto wa jikoni haukivunji kirahisi. Ndiyo maana unaweza kuukausha, kuukandamiza na kuurudisha motoni mara ya pili, na bado jino likakuta kitu cha kutafuna. Kwenye daftari hilohilo imeandikwa kwamba uyoga si mmea, una kundi lake peke yake. Mimi maisha yangu yote nimeuweka kwenye fungu la mboga.

Sasa fanya hivi upate baga ya uyoga, yaani uyoga ndani ya mkate badala ya nyama. Chukua kishada kizima, usikichambue. Huu wa mama yako unaota vichwa kumi au kumi na viwili vimeshikana kwenye shina moja kama vidole kwenye kiganja, na huko kushikana ndiko kunakokupa baga. Usiuoshe kwenye beseni. Ufute kwa kitambaa chenye unyevu, ukate lile shina gumu la chini lililoshika mabua unamoota. Kama kuna jua, uanike saa moja kabla ya kupika, upande wa chini wenye mistari ukitazama juu, kwa sababu uyoga ukipigwa na jua unatengeneza vitamini D kama ngozi yetu inavyofanya. Bandika kikaango kikavu kwenye moto wa wastani, bila mafuta, bila chumvi. Laza kishada, kisha juu yake weka sufuria nzito yenye maji ili ikikandamize. Mimi natumia jiwe la bibi yako la kusagia.

Halafu sikiliza. Utasikia mlio mkali, maji yatatoka pembeni na povu la rangi ya chai. Usiogope, usiinue. Mlio utashuka polepole, utakuwa wa kukatikakatika, kisha kimya. Kimya kile ndicho unachokisubiri. Ukiinua utaona kishada kilichokuwa na unene wa vidole vinne sasa ni bapa kama chapati nene, vichwa vimeshikana, chini kuna madoa ya kahawia. Geuza, kandamiza tena. Ni kama dakika 10 kwa jumla, lakini amini sikio kuliko saa.

Hapo ndipo kinapokuwa na kiu. Kishada kilichotolewa maji yake kinanyonya kila unachokipaka. Twanga punje mbili za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi, changanya na vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti, kijiko kimoja cha soya sosi, ukwaju kidogo uliolowekwa na pilipili manga. Soya sosi ina chumvi yake, usiongeze nyingine kabla ya kuonja. Paka pande zote mbili upeleke wavuni. Makaa yawe yameshavaa jivu jeupe, uweze kushika mkono juu yake ukahesabu hadi nne kabla ya kuuondoa. Natumia mkaa wa miwati. Huko tumia unaoupata, mradi umekauka. Usiloweshe mafuta, yakidondoka kwenye makaa moshi wake ni mchungu na uyoga unaukamata mara moja. Dakika mbili kila upande. Kingo za vichwa zikianza kujikunja na kushika weusi kidogo, toa.

Mkate ukate katikati uuchome upande wa ndani kwenye wavu huohuo, nusu dakika tu, usije ukalowa. Chini weka parachichi lililopondwa na limao na chumvi, maana mayonesi ya dukani ina mayai. Juu kachumbari, uikamue maji kwanza. Basi.

Ile picha uliyonitumia, yenye kichwa kimoja kikubwa kilichojaa mkate mzima, huo ni uyoga unaoitwa portobello. Ni aina ileile ya ule mweupe mdogo wa kopo, umeachwa tu ukakua na kufunguka. Ukiupata, kanuni ni hiyohiyo ya maji kwanza. Lakini usihangaike kuutafuta. Kichwa kimoja kina ukingo mmoja. Kishada chetu kina kingo nyingi na kila ukingo unashika moto, na utamu wa kuchoma uko kwenye kingo.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni mwili wako. Uyoga una ladha inayokaribia nyama, hauna nguvu ya nyama. Gramu 100 za uyoga mbichi zina protini kama gramu 3. Nyama ya ng'ombe iliyoiva, kiasi hichohicho, ina gramu 26 hivi. Kwa hiyo baga ya uyoga peke yake si mlo wa mtu anayesoma mpaka usiku wa manane. Weka kunde au choroko pembeni, na karanga zisikosekane chumbani. Au utengeneze ya aina ya pili, ambayo mama yako anaipenda kuliko yangu: kunde zilizochemshwa zikapondwa nusunusu, uyoga uliokatwakatwa ukakaangwa mpaka ukauke, kitunguu maji, na unga wa dengu wa kushikiza; unafinyanga bapa unakaanga. Hiyo usiipeleke wavuni, itavunjika. Kwenye kunde kamulia limao, linasaidia madini ya chuma yaingie mwilini, na chai ya rangi isubiri saa moja baada ya kula kwa sababu inayazuia.

Na vitamini B12, hii mwanangu nakuomba usiidharau. Iko kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Kwenye mimea huwezi kuitegemea, wala uyoga hautoshi. Akiba yake mwilini inaisha taratibu, miaka inaweza kupita hujahisi kitu, halafu damu na mishipa ya fahamu vinaumia. Nenda duka la dawa ununue vidonge vyake. Ile hela niliyotuma juzi si ya vocha.

Bibi yako amesema nisifunge barua bila kuandika hili. Mvua hizi kina mama wamepanga ndoo za uyoga wa porini kando ya barabara, nawe ukipita kwenye basi utautamani. Ule wa chini ya miti ya miombo haulimwi, kwa sababu unaishi kwa kushikana na mizizi ya mti ulio hai. Wa kichuguu unalimwa na mchwa wenyewe. Wa mama yako unakula mabua yaliyokufa, ndiyo maana unakubali kukaa kwenye mfuko. Bibi yako anaijua aina moja moja ya porini kwa jina, kwa harufu na kwa mti unaoota chini yake. Alifundishwa na mama yake mvua hata mvua. Wewe hatukukufundisha, na hilo ni letu sisi. Kwa hiyo usiokote wowote huko, hata ukifanana vipi na tunaokula. Watu watakuambia ukiuona umeliwa na wadudu ni salama, au ukichemshwa na chumvi sumu inatoka. Si kweli. Kuna uyoga ambao sumu yake haiondoki kwa moto, na anayeula anaweza kukaa saa 6 hadi 24 akiwa mzima kabisa, akianza kutapika ini limeshaingiliwa.

Sasa habari ya wavu. Nimekutengenezea wako. Fundi amechomelea nondo nyembamba zilizokaribiana ili kingo za vishada zisipenye zikaangukia makaani. Umetundikwa kwenye msumari wake ukutani, mbali na ule wa nyama, na una banio lake na brashi yake. Tone la mafuta ya mnyama halijaugusa na halitaugusa. Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima niliuwasha kwa mara ya kwanza. Nilichoma vishada sita, na majirani wanaoacha nyama Ijumaa walikuja. Bibi yako alikula kimoja kwenye mkate, kisha akaomba kingine bila mkate, akakishika kwa vidole kama anavyoshika mbavu, hakuacha hata kikonyo. Nilikaa nikamtazama mpaka akamaliza. Nilikuwaza wewe.

Pasaka nitawasha majiko mawili. Lako nitaliwasha kwanza, wageni wa nyama watasubiri.

Mama yako amejaza mifuko 15 mipya. Mabua ya mahindi ameyachemsha mwenyewe kwenye pipa, mbegu amezipanda mwezi uliopita, na utando mweupe umeshaenea mpaka chini. Kwa hesabu yake vichwa vitachomoza siku chache kabla hujafika. Mwenye mgahawa wa stendi ameshaulizia mzigo wote. Tuandikie mapema utakaa siku ngapi, na kama yule mwenzako wa chumbani anakuja nawe, ili tujue ni mifuko mingapi isiuzwe.

Ni mimi baba yako