Risala ya Wafanyabiashara Wadogo wa Mpaka wa Horohoro kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi wetu,
Waheshimiwa madiwani,
Maofisa wa forodha, uhamiaji, vipimo na afya ya mimea,
Wazee wetu, mashekhe na wachungaji,
Wageni wetu mliovuka kutoka Lunga Lunga na Vanga, upande wa Kenya,
Ndugu wanachama,

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Mgeni Rasmi, karibu sana Horohoro. Tunakushukuru kwa kukubali kutufungia mafunzo haya ya biashara ya mpakani. Mafunzo yalihusu vyeti, mizani na ushuru, lakini kila siku mjadala ulirudi palepale: Mkenya yukoje, Mtanzania yukoje. Tukaona risala yetu iseme hilohilo. Idadi ya wanachama na salio la benki katibu atakukabidhi kwa maandishi.

Yanayosemwa wote tunayajua. Huku tunasema Mkenya ana haraka, anaamrisha, pesa mbele, na Kiswahili chake kimevunjika. Kule wanasema Mtanzania ni mpole lakini mzito, salamu zake ndefu kuliko biashara yenyewe, Kiingereza kinampa homa, na akikuambia kesho hesabu keshokutwa. Sisi tunaofanya kazi kwenye mstari wenyewe tunaona kwamba sehemu kubwa ya hizo zinazoitwa tabia ni gunia, noti, karatasi na neno, ambavyo kila upande unavitumia kwa namna yake bila kumwambia mwenzake.

Tuanze na gunia, maana ndilo linalovunja urafiki mara nyingi. Gunia la mahindi la Tanzania linahesabiwa kilo 100. Kenya, gunia la mahindi ni kilo 90. Mkulima wa huku akisikia kwa simu bei ya gunia la Mombasa, anagawa kichwani kwa 100. Mnunuzi wa kule akisikia bei ya huku, anagawa kwa 90. Wote wawili wanakosea, na kila mmoja anaondoka akiamini mwenzake ni mjanja. Chukueni mfano wa hesabu tu: gunia la huku shilingi 90,000 ni shilingi 900 kwa kilo. Gunia la kule shilingi 4,500 za Kenya ni shilingi 50 kwa kilo, ambazo kwa kiwango cha 20 ni shilingi 1,000 za kwetu. Tofauti halisi ni shilingi 100 kwa kilo. Lakini anayelinganisha gunia kwa gunia ataona 90,000 kwa 90,000, na atasema hakuna faida ya kuvuka.

Vipimo vidogo ndiyo vurugu zaidi. Kenya wanapima kwa gorogoro, kopo la kilo 2. Huku tuna sado, kopo la rangi la lita 4, na sado mbili sokoni hazijai sawa, kwa sababu mmoja anaweka kilele na mwingine anakata usawa wa mdomo. Debe la lita 20 linaeleweka pande zote, ila nalo hupima ujazo, halipimi uzito. Mahindi mabichi na makavu hayalingani ndani ya debe moja. Halafu kuna lumbesa, gunia linalojazwa kupita mdomo wake. Sheria ya vipimo ya kwetu inakataza kufunga mazao kupita kilo 100, na Kenya nao wana kanuni yao ya viazi, mwisho kilo 50 kwa gunia. Bado kilemba cha lumbesa tunakiona barabarani. Anayekifunga mara nyingi ni mchuuzi wa huku anayetaka kumfurahisha mteja wa kule, kisha lawama anabebeshwa mteja peke yake. Hilo tuseme ukweli, Mgeni Rasmi, hata kama wageni wetu wamo humu ndani wanacheka.

Upande wa fedha, shilingi moja ya Kenya siku hizi inacheza kati ya 19 na 20 za kwetu. Muuzaji akipenda hesabu nyepesi anatumia 20, mnunuzi anang'ang'ania 19. Kwa kitu cha shilingi 150 za Kenya, mmoja anasema 3,000, mwingine 2,850. Kwa vitu 100, hiyo ni 15,000, na imeshatosha kuzaa ugomvi. Dawa yake ni kukubaliana kiwango kabla ya kutaja bei, na kukiandika juu ya daftari. Na lugha ya pesa nayo ina mitego: Mkenya akisema mbao anamaanisha shilingi 20, soo ni 100, thao ni 1,000. Sisi jero ni 500 na buku ni 1,000. Kijana wa huku akiambiwa "ongeza mbao", anaweza kudhani anaulizwa habari za msumeno.

Tumefika kwenye maneno. Kwenye mgahawa wa Horohoro ukiagiza chai, inakuja ya rangi. Ya maziwa ina jina lake na bei yake. Vuka upande wa pili uagize chai, inaletwa imechemshwa na maziwa tangu mwanzo. Ukitaka isiyo na maziwa, sema strungi. Mtanzania asiyejua analalamika kabandikwa bei ya maziwa asiyoyaomba. Mkenya asiyejua anasema huku watu wabahili, wanauza maji ya majani.

Dereva wa kutoka bara la Kenya akimuuliza mwenzake wa Tanga "bibi hajambo?" anamuulizia mke. Wa Tanga anajibu kwamba bibi alishafariki, Mungu amrehemu, na mwenzake anaanza kutoa pole kwa msiba wa mke. Bibi wa kwetu kule anaitwa nyanya, na nyanya huku inauzwa kwa sado.

Lakini kinachoumiza zaidi ni namna ya kuomba. Dukani kwetu mteja husema "naomba sukari kilo moja", na pesa yake anayo mkononi. Mkenya husema "nipe sukari kilo moja". Kwa sikio la Tanga hiyo ni amri, na muuza duka hukunja uso. Kwa sikio la Nairobi, "naomba" ni ya mtu anayeomba msaada, kwa hiyo Mtanzania anaonekana kama anajidunisha mbele ya kitu anachokilipia. Mkenya pia husema "kuja" pale sisi tunaposema "njoo", na mtu akasikia kama kitenzi kimekatwa mkia. Hayo ni mazoea ya lugha. Hakuna tusi ndani yake. Katika mafunzo haya tumewazoesha wanachama wawili wawili, mmoja muuzaji, mmoja mteja, kila mmoja atumie msemo wa upande wa pili. Zoezi la dakika 10, lakini limepunguza nyuso za kukunjwa kuliko semina ya siku nzima.

Kuna ule utani kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakua Tanzania, kikaugua Kenya, kikafa Uganda, kikazikwa Kongo. Unachekesha, ila wenyeji wa Mombasa wana haki ya kutucheka sisi. Muyaka bin Haji, mshairi wao, alitunga mashairi yake kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, katika karne ya 19, kabla hakujawa na kamati ya kusanifisha lugha. Wasomi na watawala wa kikoloni ndio waliochagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Mzee wa Mombasa akisema "ndoo hapa" anamaanisha njoo, na mchele anauita mtele. Ni lahaja kamili, hajakosea. Na sisi wa mwambao wa Mtang'ata, tukisema kwa uhuru bila kusikilizwa na mwalimu, hatuko mbali naye. Kiswahili tunachokiita cha Kenya ni Sheng ya Nairobi, na Nairobi ni mbali na hapa.

Suala la Kiingereza ni fupi. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, Kiingereza kinashika usukani sekondari. Kenya, mtoto anaanza kufundishwa kwa Kiingereza mapema, akiwa bado shule ya msingi. Mpangilio wa mitaala huo, hauna habari na akili za watu. Kenya nao tangu Katiba ya 2010 wanatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Mgeni Rasmi, sasa karatasi. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Afrika Mashariki, iliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa, na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, inavuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasilia kinachojazwa hapahapa mpakani. Kosa la kwanza ni kudhani bila ushuru maana yake bila karatasi: mazao bado yanahitaji cheti cha afya ya mimea, na kodi nyingine zilizopo zinabaki. Kosa la pili ni kugawa mzigo mkubwa vipande vipande ili kila kipande kiwe chini ya dola 2,000. Ukishikwa, mzigo wote unasimama. Kosa la tatu ni kupanga foleni pasipo pake. Katika kituo hiki cha pamoja, anayekwenda Kenya anamalizia nchi zote mbili Lunga Lunga, na anayeingia Tanzania anamalizia Horohoro. Anayerudishwa kwa kusimama jengo la kushoto badala ya la kulia huondoka akisema maofisa wa nchi fulani ni wakorofi.

Kuhusu hati za watu, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho vya taifa. Tanzania haimo katika mpango huo. Inataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Mkenya aliyezoea kitambulisho akikwama hapa anahisi ametengwa. Kwa haki, tumwambie mapema.

Hata ule uzito wa Mtanzania barabarani una maelezo. Kwenye vijiji vyetu kuna kibao cha kilomita 50 kwa saa, askari ana tochi ya kupima mwendo, na faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Dereva anayetoka Mombasa akiona lori la huku linatambaa anasema Watanzania wamelala. Akishaandikiwa mara mbili kati ya hapa na Tanga mjini, naye analala vizuri tu.

Mahindi yanastahili maneno zaidi. Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye zuio likageuzwa kuwa masharti, likiwemo la cheti kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Huku tulisema ni hila ya biashara, kule walisema Mtanzania anauza sumu. Kuvu yenyewe haina pasipoti: mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ilileta vifo kwetu Dodoma na Manyara. Kiwango cha unyevu cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Anika juu ya turubai, usianike juu ya udongo, na usifunge gunia jioni likiwa na joto. Asiye na kipima unyevu atumie chupa ya kioo kavu: mahindi theluthi moja, chumvi kavu vijiko viwili, funga, tikisa dakika chache, acha itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda bado usishangilie, kwa sababu kati ya 15 na 13.5 chumvi haikuambii kitu, na hapo ndipo mzigo mwingi unapokataliwa.

Machungwa ya Muheza yana kesi yake. Mteja wa mbali akiona ganda la kijani anasema yamevunwa mabichi. Chungwa la ukanda wa pwani huiva likiwa kijani, maana ganda linahitaji usiku wa baridi ili ligeuke rangi, na baridi hiyo Muheza haipo. Mkatie moja aonje. Ila mabaka ya kahawia ni kosa letu: ukichuma asubuhi ganda limejaa maji na umande, vifuko vya mafuta vinapasuka kwa kuguswa tu, na kesho yake mabaka yanatokea sokoni Kongowea, Mombasa. Chuma umande ukishakauka, kata kikonyo kifupi kwa mkasi, kisije kikamchoma jirani yake ndani ya gunia.

Mambo ya zamani tuyapitie haraka. Mpaka ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukaanzia karibu na mdomo wa mto Umba na kuwakata Wadigo na Wasegeju katikati. Ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Kaiser Mlima Kilimanjaro haisimami: Wilhelm alitawazwa mwaka 1888, mstari ulikwishakuwapo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa hadi 1983, na katika miaka ile majirani walikuwa manyang'au kwenye redio zetu. Neno hilo bado lina wazee wanaolikumbuka kwa sauti ileile.

Na la karibuni, Julai 2025 serikali yetu ilizuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, mojawapo ikiwa kununua mazao shambani. Mnunuzi wa Kenya asiende shamba. Afunge mkataba na mfanyabiashara wa huku ampelekee mzigo. Tunaomba hili lielezwe kwa Kiswahili chepesi, kwa sababu kule limeenea kama habari ya chuki.

Maombi yetu ni manne. Tunaomba mizani moja iliyohakikiwa, iwekwe mahali ambapo raia wa nchi zote mbili wanafika bila kupita getini. Tunaomba kipima unyevu kimoja cha mahindi. Tunaomba ubao wa kiwango cha fedha cha siku, uandikwe kila asubuhi saa 1. Na tunaomba bango la vipimo pande zote mbili: gunia kilo 100 huku, kilo 90 kule, gorogoro kilo 2, sado lita 4. Mbao za bango tunazo tayari, na hizi ni mbao za msumeno.

Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama,
Horohoro, Mkinga, Tanga