Kitenzi cha wiki: "afford"

Habari za jioni wanakikundi. Nimesoma sentensi zenu zote za jana, na kosa moja limejirudia mno: "I don't afford this phone." Naona linakotoka. Kwa Kiswahili tunasema "simudu", basi, imetosha, maana uwezo umo ndani ya kitenzi chenyewe. Kiingereza hakiko hivyo. "Afford" karibu kila mara hutanguliwa na "can", "could" au "be able to". Kwa hiyo: "I can't afford this phone." Wala msiseme "I am affording", nimeiona mara mbili.

Baada yake weka nomino, au "to" na kitenzi: "We can afford to travel." Kamwe si "afford travelling".

Sasa sehemu ninayoipenda zaidi. Si pesa tu! "I can't afford the time" ni kusema muda wenyewe sina. Na daktari akisema "We can't afford to wait", hazungumzii gharama hata kidogo. Anasema tukingoja, mgonjwa ataumia. Hapo "kumudu" haitoshi. Mimi ningetafsiri "hatupaswi kungoja hata kidogo".

Mkazo uko kwenye silabi ya pili, si ya kwanza. Jisomeeni kwa sauti.

Kila mmoja atume sentensi mbili kabla ya kesho saa mbili usiku, moja ya pesa na moja isiyo ya pesa. Wanaoona haya kuandika hapa wanitumie pembeni, nitawasahihishia huko huko.