Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania: Mtahini akizime kishikwambi

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Kwa heshima na taadhima ninakuandikia nikiwa rubani binafsi wa ndege ndogo ya injini moja hapa Arusha, na nina ombi moja: katika mtihani wa vitendo wa leseni ya rubani binafsi, mtahini akizime kishikwambi cha mtahiniwa katikati ya safari, kisha amwache amalizie kwa ramani ya karatasi, dira na saa.

Siombi vishikwambi vipigwe marufuku. Programu zake hutuonyesha tulipo, mipaka ya anga linaloongozwa (ambamo rubani huruka kwa ruhusa ya waongoza ndege), na mlima ulio mbele ukigeuka mwekundu kwenye skrini kabla hatujaukaribia, jambo ambalo si dogo kwetu sisi tunaoruka kati ya Meru na Kilimanjaro yenye mita 5,895. Ubora huo ndio ulionilevya.

Nilikuwa naelekea Tanga, nimeshapita Same, na kishikwambi nilikuwa nimekibandika kwenye kioo cha mbele ambako jua la saa saba mchana lilikipiga moja kwa moja. Skrini ikafifia, ikatokea alama ya kipimajoto na maneno ya kunitaka nisubiri kipoe, ramani ikatoweka. Kushoto kwangu mawingu yalikuwa yamelala juu ya Usambara. Mkono mmoja ulishika usukani na wa pili ukapapasa nyuma ya kiti kutafuta ramani ya karatasi, ambayo nilikuwa sijaikunjua tangu niinunue. Kilichonisaidia ni reli ya Tanga, niliyoiona chini na kuifuata, Mombo hadi Korogwe, mpaka akili ikatulia. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa kishikwambi changu ni iPad, na watengenezaji wake wameeleza wazi kwamba isitumike kwenye joto linalozidi nyuzi 35.

Joto si hatari pekee. iPad isiyo na sehemu ya laini ya simu haina kipokezi chake cha GPS, yaani cha kujua mahali ilipo kwa satelaiti, na taarifa za anga hufanyiwa mabadiliko kwa ratiba ya kimataifa ya kila siku 28, hivyo aliyeacha kupakua toleo jipya anaweza kuruka akifuata mipaka iliyokwisha kubadilika. Haya mwanafunzi anaweza kuyakariri na kuyajibu vizuri darasani. Kushika uelekeo na mwinuko huku unaandika dakika, unasoma mto na barabara, na moyo unakudunda, hakukaririki. Hujulikana kwa kufanywa, na ni heri kufanywe mara ya kwanza mtahini akiwa kiti cha pembeni.

Kwa sisi wenye leseni tayari, naomba zoezi hilohilo liingizwe katika ukaguzi wa ujuzi. Nipo tayari kuanza na ukaguzi wangu ujao.

Wako mtiifu,
Rubani binafsi, Arusha